Daftari la Bi Stika

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, ifikapo tarehe 30 Juni fundi mkuu wa kompyuta wa hospitali yetu anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye jalada la utumishi, lakini ukimwita kwa hilo hageuki. Sote tunamwita Bi Stika.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi ambazo hospitali nzima ilikuwa na kompyuta moja, nayo ikifunikwa kitambaa cha kufumwa. Alijifunza kuifungua kwa kuiharibu mara mbili, yeye mwenyewe husimulia. Leo anaacha kompyuta sabini na nne, zote zinawaka.

Kompyuta mpya ikifika, kabla hajaiwasha huilaza chali na kunakili kwenye daftari ufunguo ulioandikwa kwenye stika ya leseni ya programu yake, herufi na tarakimu ishirini na tano. Kisha huzisoma kwa sauti kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kuhakiki. Tulimcheka, Mungu atusamehe. Kwenye harusi ya binti yake alikutwa ameinama nyuma ya kompyuta ya mpiga muziki, kilemba kimelala upande, anatafuta stika.

Kicheko kilikatika Alhamisi moja, miaka tisa iliyopita, katika chumba cha eksirei ambako mwandishi wa wasifu huu ni karani.

Jumatatu ya wiki hiyo umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza bodi kuu ya kompyuta yetu. Fundi wa kampuni iliyoitengeneza akaweka bodi nyingine, akaaga. Kompyuta ilipowaka ikatangaza kwamba kifaa kimebadilika, na leseni iamilishwe upya, yaani ithibitishwe kwa ufunguo wake, ndani ya siku tatu, la sivyo itajifunga. Nikabonyeza nikumbushwe baadaye. Jumanne nikabonyeza tena, na Jumatano vilevile, wala sikumwambia mtu. Kwa nini, nitafika huko. Alhamisi saa mbili asubuhi ikajifunga.

Ndani yake zilikuwamo picha za nyonga ya mke wa dereva wetu wa ambulensi, na upasuaji ulikuwa saa sita. Picha nyingine hazingepigwa, maana mtambo hauendi bila kompyuta ile. Daktari wa mifupa alisema hashiki kisu bila kuona alipovunjika, na kwamba mguu umeanza kupoa. Ukingoja hadi kesho, huenda ukakatwa. Dereva alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Mtu wa stoo akaja mbio na flashi ya shemeji yake, yenye ufunguo ambao nusu ya mji inautumia. Bi Stika akakataa katakata. Alisema ufunguo wa aina hiyo huzuiwa siku yoyote, na siku hiyo atakuwepo mgonjwa mwingine mezani.

Akatueleza huku akifungua daftari. Kompyuta za aina moja hutoka kiwandani na ufunguo mmoja wa pamoja, unaotafuta alama ya mtengenezaji kwenye bodi. Bodi mpya haikuwekwa alama hiyo. Kilichobaki ni ufunguo wa stika, ambao ni wa kompyuta hiyo peke yake. Akaigeuza. Stika haikuwepo. Akaniangalia mara moja tu, akafunua ukurasa.

Ufunguo uliingia, lakini ikabidi kupiga simu kuthibitisha. Alianza kuisomea mashine ya simu makundi tisa ya tarakimu yaliyotokea kwenye skrini, laini ikakatika kwenye kundi la saba. Akaanza upya. Safari hii akapatikana mtu, akauliza ufunguo huo uko kwenye kompyuta ngapi. Moja, akajibu Bi Stika, na bodi imebadilishwa na mtengenezaji mwenyewe. Akatajiwa namba za kuingiza kwenye kompyuta, nami nikaziandika. Saa tano na dakika ishirini picha zikafunguka. Dereva akakaa chini, pale pale sakafuni, akalia.

Mkurugenzi alipouliza nani kabandua stika, Bi Stika alimwambia mgonjwa yuko mezani, mengine yangoje. Wiki iliyofuata aliniletea daftari jipya na penseli, akaniagiza nizungukie kila ofisi kunakili stika zilizobaki.

Mke wa dereva atakuwa kwenye sherehe ya kumuaga. Ametuambia atakuja kwa miguu yake, na tusimtumie gari.

Bi Stika, asante kwa kila ulichotufundisha. Pumzika na wajukuu, na ukaalikwe harusi nyingi. Ila kabla hujaondoka: stika za chumba chetu nilizibandua mimi, kwa wembe na maji ya moto, ili chumba king'ae wageni watakapokuja, na ndiyo maana siku zile tatu niliogopa kumwambia mtu. Miaka tisa hujaniuliza, na nilijua unajua. Daftari liko mezani kwangu, na kila ufunguo nausoma kuanzia mwisho.