Kibali cha Kuugua

Mwaka 1955, katika basi la asubuhi kutoka Kisarawe kwenda Dar es Salaam, mbele yangu alikaa Bi Mwanakheri wa Msimbu, aliyekuwa anajiandaa kwenda Hija kwa meli. Ubavuni mwake alikaa kijana wakala wa bima, amefunga tai kama bwana harusi.

"Ukiugua melini, bibi, kampuni italipa matibabu yote," alisema kijana. "Ila kwanza uiandikie ofisi barua, usubiri kibali, ndipo daktari akuguse."

"Katikati ya bahari barua nimpe nani, mwanangu? Papa?"

"Ndiyo masharti, bibi."

"Na nikifa nikisubiri?"

"Hapo hutahitaji daktari tena." Alilisema hilo kwa fahari, kana kwamba ni nyongeza ya bure.

Kona za Pugu zikaanza. Kijana uso ukamsawijika, akashika tumbo kwa kichefuchefu. Bi Mwanakheri akafungua pindo la khanga, akatoa ndimu, dawa ya safari tangu enzi za mama zetu. Kijana akanyoosha mkono haraka. Bibi akairudisha ndimu pindoni.

"Ofisi umeshaiandikia?"

Kijana hakuthubutu kufungua mdomo, asije akatapika. Basi liliposimama, alishuka mbio bila kibali cha mtu.