Kengele Iliyonyamaza Ilemba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Baba Paroko, Ndugu Mwenyekiti wa bodi ya karakana, ndugu wageni waalikwa na mafundi wenzangu, na wewe, Mhandisi Felisian, mzee wetu tunayekuaga leo, shikamoo.

Mimi Coleta nimepewa kazi ya kukusifu, na sifa unazo. Soko lilipoachiwa huru, maduka yakajaa redio za bei chee, wengi walisema mafundi wa Sumbawanga tufunge meza zetu tukalime ulezi. Wewe ulikataa. Ulitufundisha kuunda kengele ya jokofu la chanjo, ili baridi ikipotea ilie, nesi asikie. Nani mwingine hapa Ufipa alithubutu?

Lakini mzee, sifa isiyo na ukweli ni kuzomea kwa adabu. Kesho kengele mpya zinapelekwa zahanati za bondeni, na chipu iliyomo katika kila moja inategemea kristali ya pembeni, kipande chembamba kinachoipigia mapigo. Mapigo yakikatika, chipu haipimi, haisemi.

Mnalijua teremko la kwenda Ilemba. Mwaka jana kengele yetu ilishushwa kwa pikipiki, ikafungwa, ikajaribiwa, ikalia. Kumbe kristali ilishapata ufa kwa mitikisiko ya njiani, na haikuchukua muda ikafa. Gesi ya jokofu ikaisha, kengele kimya, na nesi Epifania, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe, akaamini kwamba ukimya ni heri. Siku ya kliniki alikuta chanjo vuguvugu, na kina mama wameshajaa kwenye mabenchi.

Mmoja wao, Kabula, alikuwa na mapacha wake, Kulwa na Doto. Akauliza, "Nesi, si mlisema kengele italia?"

Epifania akajibu, "Ndivyo tulivyoambiwa, mama."

Kabla chanjo nyingine hazijafika, surua ikafika. Doto amepona, ila jicho lake moja halioni. Nilikwenda kumwona, nikarudi na hasira, na sitaificha hapa.

Ulipoelezwa ulisema, "Kifaa si kibovu, barabara ndiyo mbovu." Kweli, mzee. Lakini barabara tunaikuta, kifaa tunakiunda.

Siku hizi zipo chipu zenye mapigo yake humo humo ndani, wala hazihitaji kristali. Mimi na fundi mwenzangu Isdori tumeunda kengele kwa chipu hizo, tukazipeleka Ilemba kwa pikipiki na kuzirudisha, tukazilaza nje kwenye baridi ya Julai. Zinalia. Unasema mapigo hayo ya ndani si sahihi kama ya kristali, na ni kweli, yanachelewa kidogo. Je, jokofu likipata joto, nesi anataka kujua sekunde, au anataka kuamshwa?

Bodi imesema haibadilishi kitu bila neno lako, na leo ndiyo siku yako ya mwisho kazini. Hakuna hapa anayekudharau. Mkono ulionishika nikijifunza kulehemu ni wako, na moyo unaniuma kusema haya mbele za watu. Sasa unasimama wewe kutuaga. Kwanza tuambie: kengele za kristali ziende, au zibaki?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza hadi hapa. Kabula yupo benchi la nyuma, na wanawe. Mzee, mimi nakaa. Mjibu yeye.