Kathembo Hakuwahi Kulewa

Wazee wa kanisa, majirani, na ninyi mliovuka mpaka wa nchi asubuhi hii kuja kumzika mwenzenu, mimi ni Erina, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome, nami nitasoma yote, hata lile ambalo baadhi yenu mngependa nilipite haraka.

Tefiro Kathembo alizaliwa Mahango tarehe 14 Aprili 1979, mtoto wa kiume wa tano wa baba yetu Yeseri, ndiyo maana akaitwa Kathembo, jina ambalo kwetu hupewa mwana wa tano, akasoma shule ya msingi hukohuko, akaingia sekondari Bwera mwaka 1995, mwaka uliofuata vita vya waasi vikakata masomo, akaenda Hima kubeba saruji, na huko, madereva wa malori wakingoja kupakiwa, akaanza kuwaigiza mabosi wao mpaka wakasahau foleni.

Mwaka 2003 alirudi Bwera akaunda kikundi cha vichekesho, wakicheza siku za soko, Jumanne na Ijumaa, na sokoni ndipo alipompata Consolée, muuza vitenge kutoka Butembo, wakafunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 2006, Mungu akawapa Elise, Sylvie na Jean-Bosco.

Mwaka 2008 mpiga video wa harusi alitoa kamera yake, zikaanza filimu za huku kwetu, Kathembo akapewa nafasi ya mlevi, mwendo ule wa kuyumba aliutoa kwenye kubeba mifuko miwili ya saruji, na chupa yake ilikuwa na maji ya bomba, lakini filimu ilipoonyeshwa katika vibanda vya video kutoka Muhokya mpaka Beni, watu walicheka mpaka wakaamini, wakasema lisemwalo lipo, nanyi wazee mkamzuia kupokea komunyo mpaka aache pombe. Jamani, mtu anaachaje asichokunywa? Consolée alisimama kumtetea, mkasema mke humfichia mumewe. Akakaa benchi la nyuma miaka kumi na sita, na akaendelea kuigiza, maana watoto walisomeshwa na ulevi ule.

Novemba 2024 tumbo lake lilianza kuvimba, mtaani wakasema hiyo ni pombe ya waragi, daktari akasema ni virusi vya homa ya ini. Wala siwanyooshei kidole ninyi peke yenu, kwa sababu nilipofika wodini nilikuta chupa chini ya kitanda, nikaifungua, nikainusa, ilikuwa maji, nilipogeuka nikaona hakuwa amelala, ananitazama, na hakutafuta hata neno la kunichekesha. Alifariki tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, kabla sijamwomba radhi.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na maharagwe, na wenzake wa kikundi mliolibeba jeneza kutoka barabarani.

Kathembo, nilikubeba mgongoni ukiwa hujajua kutembea, nami nikakunusia chupa kama mgeni asiyekujua, nisamehe mbele ya hawa wote, mdogo wangu, pumzika kwa amani.