Siku Kumi na Tisa za Kipima Mvua

Ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika nasi, familia inaomba mtuvumilie tuwasomee maisha ya mzee wetu, mtafiti wa hali ya hewa, ambaye wengi mlimwita Mzee Milimita.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi na sekondari kuanzia 1959 hadi 1970, kisha tarehe 3 Januari 1973 akaajiriwa katika ofisi ya utafiti, alikotumikia miaka thelathini na minane akichunguza kama joto la bahari ndilo linalochelewesha mvua.

Tarehe 1 Julai 1977 alisimika kipima mvua nyuma ya jiko lake, akakisoma kila siku saa moja asubuhi, hata siku ya harusi yake, tarehe 9 Septemba 1978, ndiyo maana mkewe, muuguzi, alizoea kusema kwamba aliolewa akamkuta mke mwenzake uani, na bado ndiye aliyemshikia zamu kila aliposafiri, hadi alipotutoka mwaka 2019. Walijaliwa watoto wanne.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024, na kuanzia tarehe 2 hadi 20 Mei alilazwa, akamwachia mwanawe wa kwanza daftari kwa sharti moja tu, kwamba siku asipopima aandike kuwa hakupima. Mwana huyo, mtu mzima, tena mwalimu wa hesabu, aliona uvivu kutoka nje, akawa anakisia tarakimu mezani huku akinywa chai, lakini njia ya mwongo ni fupi, kwani jioni ya tarehe 12 alifika wodini shati limelowa chapachapa kwa mvua, na asubuhi ya tarehe 13, ambayo ingeonyesha mvua hiyo, akaandika sifuri.

Mzee aliporudi nyumbani alipekua daftari, akamuuliza kwa upole kama lile shati lilikwisha kukauka, akachukua kalamu nyekundu, akazikata siku zote kumi na tisa, akaandika kwamba mvua haikupimwa, kisha akawaandikia watafiti wenzake barua ya kuomba radhi kwa uzembe wake, wake yeye, bila kumtaja mtu. Rekodi ya miaka arobaini na sita ikaingia pengo. Alifariki tarehe 11 Juni, mwana akiwa bado anatafuta maneno ya kuomba msamaha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotuchotea maji na kupanga viti, na watafiti wenzake, mliofika leo mkiamini uzembe ule ulikuwa wa mzee. Haukuwa wake. Mwana huyo ni mimi ninayesoma, na ninaona haya mbele yenu na mbele ya jeneza hili.

Leo saa moja nimepima, ni milimita nne na nusu. Baba, uliniuliza kuhusu shati, na sikukujibu. Halijakauka. Pumzika kwa amani.