Chuma Kisichosikia Moto

Mbele yangu kwenye treni, dada mmoja alimweleza jirani yake wa kiti, fundi wa kuchomelea, kwamba anatunga mchezo wa mezani wa mashujaa na dadu, na amebuni chuma kisichosikia moto wala nyundo.

"Sasa upanga utafuliwaje, binti yangu? Hilo ni jiwe tu."

Dada akafuta mstari daftarini. "Basi kitalainika mhunzi akisema ukweli aliouficha."

"Kimoyomoyo?"

"Mbele ya yule aliyefichwa."

Fundi akatazama viganja vyake vyenye makovu. Mimi nikajifanya nasoma tiketi.

"Weka moto tu. Moto nimeuzoea."

"Moto kila mtu anao, baba."

Treni ikasimama. Mkewe fundi alikuwa jukwaani, akimpungia mkono. Fundi alichelewa kuinuka.