Msusi Aliyeitwa Buluu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka msusi. Mtaani aliitwa Buluu, na hata mama yake mzazi alimwita hivyo. Jina lilitokana na macho. Pale ambapo wewe na mimi tuna weupe, yeye alikuwa na samawati kwa mbali. Wateja waliyasifu. "Tugawie na sisi basi." Naye akijibu huku anachana nywele, "Yachukue, ila niachie moja la kuonea njia."

Shikeni hilo la macho. Tutalirudia.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja. Kioo kina ufa pembeni, benchi la wateja, na kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka. Mumewe aliondoka mapema, akabaki na binti mchanga. Binti alipofika miezi saba, mguu ulivunjika akibadilishwa nepi. Miezi minne baadaye, mkono. Hospitali walipiga picha, wakakuta na mbavu mbili zilizokwisha kuvunjika na kujiunga zenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja kasoro, mifupa minne, na anakaa na mama yake tu. Wewe ungewaza nini? Nao wakawaza hivyo hivyo.

Akaitwa ofisi ya ustawi wa jamii, akaenda na mama yake. Karani alikuwa na fomu. Akamgeukia bibi wa mtoto, "Kwenye ukoo wenu kuna ugonjwa wa mifupa?"

Bibi akasema, "Hakuna."

Neno moja tu, wasikilizaji. Mtoto akapelekwa kituo cha kulelea watoto. Mama akapewa saa moja kila Jumamosi, msimamizi kaketi kati yao.

Saluni ikadoda. Mteja mmoja alisimama mlangoni akasema, "Mkono unaovunja mtoto usishike kichwa changu." Tukahamia kwa wasusi wengine, mimi nikiwemo. Nasema bila kujificha.

Mwaka ukapita. Siku moja pale kituoni mlezi alimtoa mtoto kwenye beseni, paja likavunjika mikononi mwake. "Nilimshika kama yai," alisema, na akaaminiwa papo hapo. Hakuna aliyemfungulia jalada. Narudia: hakuna. Buluu alikuwa amesema maneno hayo hayo mwaka mzima.

Sasa ndipo alipoitwa daktari bingwa wa mifupa. Huyu alimtazama mama kabla ya kutazama picha. "Macho yako yamekuwa hivi tangu utotoni?" Akamweleza. Mfupa haujengwi kwa chokaa peke yake. Ndani mna nyuzi ziitwazo kolajeni, na kila uzi ni mafungu matatu yaliyosokotana. Mwili unazitengeneza kwa kufuata maelekezo ya jeni. Jeni ikiwa na kosa, hata dogo, fungu moja linatoka bovu, uzi wote unalegea, na mfupa unavunjika kwa jambo la kawaida. Weupe wa jicho nao unakuwa mwembamba, unaonyesha samawati. Na mzazi mwenye kosa hilo anaweza kumrithisha mtoto, nafasi ni nusu kwa nusu.

Buluu alielewa kabla daktari hajamaliza. "Ni kusuka mafungu matatu, moja limeoza. Hata uwe fundi namna gani, msuko utakatika."

"Ndiyo hivyo."

Binti alirudi nyumbani baada ya miezi kumi na minne. Alimwita mama yake "anti". Ofisi ilileta barua: shauri limefungwa. Haikusema kwamba hakuvunja mtu. Buluu aliiweka kwenye droo ya vitana, na tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, aambiwe, "Hukumvunja mwanao." Alitaka kukisikia kwa mama yake. Akigusia, mama anauliza habari za mvua.

Binti huyo sasa ana miaka kumi na tisa. Anasema, "Mama alinisuka kila Jumapili. Kila fungu ananiuliza, inauma? Nikisema hapana, anauliza tena."

Wiki tatu zilizopita Buluu alifariki kwa maradhi ya mapafu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Sentensi ile hakuisikia.

Juzi bibi alikuja studio, kashikwa mkono na mjukuu wake. Haya ni maneno yake. "Niliulizwa nikasema hakuna. Ugonjwa ulikuwepo. Marehemu mume wangu alikuwa akivunjika vunjika. Buluu alivunjika mkono mara tatu, mara moja namvalisha gauni. Nikatangaza kuwa ni mtundu, nikamwambia na yeye hivyo, ili asikose mchumba. Mwanangu hakumvunja mtoto."

Pole sana, binti. Pole kwa ukoo mzima. Pole na wewe bibi, ingawa ulimi unakuwa mzito. Na sisi tuliolikimbia lile benchi, tujiulize nani mwingine tumemhukumu kwa picha ya mifupa na umbea wa mlangoni.

Jambo la mwisho. Bibi alipomaliza, mjukuu alimuuliza, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi. "Bibi, kutoka kwako hadi saluni ni milango mitatu. Mbona umekuja kuyasemea redioni?"

Bibi aliuliza kama nje mvua imeanza.