Kadi ya Mzee Bisibisi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Leo nawaomba mpunguze kelele kidogo hapo jikoni. Wewe unayekoroga, funika sufuria, njoo. Nina habari ya mtu ambaye kazi yake nzima ilikuwa kusikiliza, kwa hiyo na sisi tumsikilize.

Mzee Bisibisi alifariki dunia Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa fundi wa pikipiki. Lakini si fundi wa hivi hivi, jamani! Alikuwa anachukua pikipiki za kale, zile nzito za chuma kitupu ambazo babu zetu walikuwa wakizing'arisha kila Jumapili. Anatoa injini ya petroli, anaweka mota na betri, pikipiki inatembea kwa umeme. Ametengeneza arobaini na moja za namna hiyo. Arobaini na moja, wasikilizaji, na zote zinatembea hadi leo.

Jina la Bisibisi alilipataje? Alikuwa na bisibisi moja ndefu kama mkono wa mtoto. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Anakwambia ugonjwa uko wapi kabla hajagusa nati hata moja.

Sasa, fundi wa petroli aliingiaje kwenye umeme? Miaka kumi na miwili iliyopita kifua kilimkamata. Daktari hakuzunguka. "Mzee, moshi au mapafu. Chagua kimoja." Akarudi gereji, akakaa juu ya tairi siku mbili bila kufanya kitu. Siku ya tatu akamwita binti yake, aliyekuwa ametoka tu chuoni.

"Wewe si umesomea nyaya? Njoo hapa."

"Baba, mimi nimesomea umeme wa majumba."

"Hii nayo ni nyumba. Ina magurudumu tu."

Hivyo ndivyo walivyoanza, baba na binti. Na pikipiki ya kwanza, wasikilizaji, nacheka kabla sijasimulia. Mzee alizoea pikipiki ikiwaka inanguruma. Hii ya umeme imewashwa, imetulia tuli, hata paka ana kelele zaidi. Mzee akasahau kabisa kama iko hai. Akashika kitambaa, akaanza kufuta ule mshiko wa kulia, wa kuongezea mwendo. Ukiufuta, unauzungusha. Pikipiki ikaondoka! Ikamwacha mzee na kitambaa mkononi, ikavuka uchochoro, ikaingia kwa jirani fundi cherehani na kulala juu ya mapazia ya watu.

Fundi cherehani akatoa kichwa mlangoni. "Bisibisi! Mwanao amekuja kupimwa suruali!"

Siku hiyo hiyo jirani akakata kipande cha kitambaa chekundu, akampa. Ikawa sheria ya gereji. Umeme ukiwashwa, kitambaa chekundu kinafungwa kwenye usukani. Ukizimwa, kinafunguliwa. Hakuna mjadala.

Sheria ya pili ilikuwa hii: fremu haikatwi. Hata kidogo. Na injini inayotolewa haitupwi. Inapakwa mafuta, inafungwa gunia, inawekwa kwenye rafu na kadi yake. Mwenyewe akija kukumbuka ngurumo yake, injini ipo, na fremu iko vile vile kuipokea. Kadi ina mistari mitatu: mwenye pikipiki, tarehe, na mkaguzi. Bila mkaguzi kuandikwa, pikipiki haitoki mlangoni.

Na mkaguzi, kadi zote arobaini na moja, alikuwa Mzee Bisibisi peke yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha binti. Miaka kumi na miwili anafanya kazi, nyaya zote zake, betri zote zake, lakini mstari wa tatu hajawahi kuuona umeandikwa jina lake. "Nikikaza nati, baba yuko nyuma yangu na spana anairudia," ameniambia. "Siku moja nikamwuliza, mbona hukagui na meno kama nimepiga mswaki? Akasema, haya, fungua kinywa."

Halafu kulikuwa na pikipiki moja ambayo haikuguswa miaka yote. Ya mzee mwenyewe. Za wenzake anabadilisha, yake ananyamaza nayo. Mwaka huu kifua kilipozidi, akaitoa injini yake kwa mikono yake, akaipaka mafuta, akaifunga gunia. Akamwambia binti, "Imalize. Nataka niisikie." Kesho yake akalazwa.

Binti akabaki gereji peke yake. Boksi la betri likagoma kuingia. Limezidi kwa upana wa kidole kimoja tu, wasikilizaji, kidole! Ukikata fremu kidogo pale chini, unamaliza kabla ya chakula cha mchana. Baba yuko hospitali, muda wake unahesabika, na rangi ingefunika kila kitu.

"Niliiwasha mashine ya kukatia," anasema. "Ikazunguka mkononi. Nikaizima."

Akalivunja boksi, akatengeneza mawili membamba, moja juu ya lingine. Siku tisa zaidi. Siku tisa ambazo hakuwa na uhakika kama baba anazo.

Mzee aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya Ijumaa. Jumamosi wakamkalisha kwenye kiti mlangoni pa gereji, blanketi magotini, shangazi yake binti kamshika bega. Pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma linaelea. Kitambaa chekundu kikafungwa, umeme ukawashwa. Mzee akaweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka shangazi akadhani kasinzia.

"Beringi ya kushoto," akasema.

Binti akazima, akafungua kitambaa, akaingiza pikipiki ndani, akashika spana. Alipoifungua beringi akakuta punje ya mchanga. Punje moja. "Nilijiona nimefeli mtihani mbele ya msimamizi," anasema. "Nikasema, basi, ile kadi niisahau."

Beringi mpya ilipatikana Jumatatu. Jumanne saa nne alikuwa anaipaka grisi wakati shangazi anaingia kumwambia baba amekwenda.

Jumatano binti akamaliza kuifunga beringi, akaenda kwenye rafu kujaza kadi ya injini ya baba, maana sheria ni sheria. Akakuta imeshajazwa. Mwandiko unatetemeka. Mwenye pikipiki: mimi. Tarehe: ile Jumamosi. Mkaguzi: binti yangu.

Akadhani macho yanamdanganya, akamwita shangazi. Shangazi akamweleza: "Ulipokuwa unafungua ile beringi, aliomba kalamu. Nikamwambia, wewe, si umesema ina kasoro? Akasema, kasoro hata mimi ninazo. Nimemwambia beringi, hakubisha, kashika spana. Nenda kaifunge kadi kwenye injini, na usimwambie, atavimba kichwa."

Alhamisi, wasikilizaji wapendwa, tulimsindikiza. Pikipiki arobaini na moja zilikuja, kila moja na kitambaa chekundu kwenye usukani. Hakuna ngurumo. Ni matairi tu kwenye kokoto. Ya mzee, ya arobaini na mbili, ilikuwa mbele, binti juu yake. Kabla hawajaondoka, fundi mmoja mkongwe, rafiki wa marehemu, akainama na spana kuzirudia nati, kwa heshima ya mwenzake.

Binti akamshika mkono taratibu. "Ahsante, mjomba. Imeshakaguliwa."

Kwa binti, kwa shangazi, na kwa jirani fundi cherehani ambaye bado anakata vitambaa vyekundu, kutoka hapa studio tunasema poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu pema. Na wewe unayenisikiliza, huenda yuko mtu nyumbani kwako au kazini kwako ambaye kila siku unarudia nati zake. Kalamu unayo wewe. Mtazame vizuri leo.